Baiskeli ya changarawe kati ya mabwawa, misitu na makasri ya Třeboň: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unajibu maswali yanayorudiwa zaidi na Waswahili wanaotaka kwenda kuendesha baiskeli kusini mwa Bohemia, nchini Ucheki: walioko Ujerumani, Austria na Uholanzi, na wachache wanaofunga safari kutoka Nairobi au Dar es Salaam. Jibu likiwa limeshatolewa mahali pengine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Eneo lenyewe liko wapi, na lina nini cha ajabu?

Třeboň ni mji mdogo kusini mwa Ucheki, karibu na mpaka wa Austria, kati ya Praha na Vienna. Umekaa katika bonde pana lenye mchanga, mboji na maji, na bonde hilo lina mabwawa mamia kwa mamia. Katikati ya mabwawa kuna misitu ya misonobari, mashamba, na vijiji vyenye kanisa moja na baa moja. Ukitoka bondeni upande wowote ule, baada ya saa mbili au tatu za kukanyaga pedali unafika kwenye kasri: Hluboká magharibi, Červená Lhota kaskazini, Jindřichův Hradec kaskazini mashariki.

Tangu 1977 eneo hili ni hifadhi ya biosfia ya UNESCO, na tangu 1979 linalindwa na sheria ya Ucheki kama mandhari ya hifadhi. La ajabu ni kwamba karibu kila unachokiona kilijengwa kwa mikono ya watu. Tumelieleza hilo katika sehemu ya mabwawa, na tunakuomba uisome hata kama lengo lako ni baiskeli tu, maana njia nzuri kuliko zote hupita juu ya matuta yao.

Baiskeli ya changarawe ni baiskeli gani? Niliyonayo haitafaa?

Ni baiskeli yenye umbo la zile za mashindano ya barabarani, usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume, lakini tairi zake ni pana, gia zake ni nyepesi na breki ni za diski. Inakimbia vizuri kwenye lami na haikwami kwenye vumbi, kokoto au njia ya msituni.

Si lazima uwe nayo. Baiskeli ya mlimani inafaa kabisa, ila itakuchosha kidogo kwenye vipande vya lami. Baiskeli ya kawaida ya mjini inaweza kuzunguka bwawa la Svět bila taabu. Baiskeli ya mashindano yenye tairi nyembamba ndiyo usiilete, labda kama utabaki barabarani tu, na ukibaki barabarani utakuwa umekosa karibu kila kitu.

Je, nahitaji kuwa na mazoezi makubwa?

Hapana. Bonde la Třeboň liko takriban mita 430 juu ya usawa wa bahari na ni tambarare. Mtu anayeendesha baiskeli mara moja kwa wiki atamaliza km 40 kwa siku na bado atakuwa na nguvu ya kutembelea kasri. Vilima viko pembezoni: ukielekea Hluboká unavuka mgongo wa ardhi wa Lišov, na ukielekea mashariki, eneo linaloitwa Česká Kanada, unapanda na kushuka mfululizo. Huko kilele cha juu kinazidi kidogo mita 730.

Niende mwezi gani?

Septemba. Tukiulizwa mara mia tutajibu hivyo mara mia. Mbu wamepungua, watalii wamerudi kazini, makasri bado yako wazi, na ardhi imekauka vizuri.

Mei nao ni mwezi mzuri sana, japo asubuhi bado kuna baridi. Julai na Agosti kuna joto, vyumba hujaa, na mbu wa jioni kando ya maji hawana huruma. Oktoba kuna ukungu na matope kiasi, lakini ndio mwezi wa kuvua mabwawa, na kwa wengine hilo linatosha kuwa sababu ya safari nzima.

## Kufika na kuzunguka

Nina pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda. Nahitaji viza?

Ndiyo, viza ya Schengen. Inakuruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, na lazima uwe na bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Hakikisha bima yako inataja matibabu ya ajali ya baiskeli. Kama una kibali cha kuishi cha nchi nyingine ya Schengen, unaingia kwa kibali hicho pamoja na pasipoti yako. Fedha ya Ucheki ni koruna, si euro. Kadi zinapokelewa sehemu nyingi, ila baa za vijijini bado zinapenda noti.

Baiskeli inaruhusiwa kwenye treni?

Inaruhusiwa kwenye treni zenye alama ya baiskeli katika ratiba, na inakatiwa tiketi yake. Kutoka Praha treni za kuelekea České Budějovice hupita Tábor na Veselí nad Lužnicí. Kwa Třeboň unashuka Veselí na kubadili treni ndogo ya kuelekea České Velenice. Kwa Jindřichův Hradec pia unabadilia Veselí, ila unachukua treni ya kuelekea mashariki. Wikendi za kiangazi weka nafasi ya baiskeli mapema, kwa sababu nafasi hujaa na kondakta ana haki ya kukukatalia.

Treni ni rafiki mkubwa wa safari hii. Unaweza kupanda hadi mbali asubuhi kisha ukarudi kwa baiskeli ukiwa na upepo mgongoni.

Nikija mikono mitupu, nitapata baiskeli ya kukodi?

Utapata, mjini Třeboň kwenyewe na katika baadhi ya vituo vya treni msimu wa joto. Lakini nyingi ni baiskeli za matembezi au za umeme. Za changarawe hasa ni chache, kwa hiyo uliza kwa barua pepe kabla ya kusafiri na utaje urefu wako. Kama unatoka Vienna, Munich au Berlin, kuleta yako kwa treni ni nafuu na utakuwa na raha zaidi.

## Njia na ardhi

Nipite wapi? Nataka majina, si maneno ya jumla.

Siku ya kwanza, kaa karibu na mji. Zunguka bwawa la Svět, linaloanzia mlangoni mwa mji wa kale. Ni mzunguko wa kama km 12. Unapita kwenye kaburi la ukoo wa Schwarzenberg, jengo la mtindo wa Kigothi lililokamilika 1877 na kusimama peke yake katikati ya miti. Halafu elekea kaskazini kama km 5 hadi bwawa la Rožmberk. Pita juu ya tuta lake polepole. Mialoni iliyopandwa kulishika tuta imekuwa mikubwa kiasi kwamba watu wawili hawaukumbatii mti mmoja, na upande wa pili maji yanafika hadi upeo wa macho.

Siku ya pili, nenda kusini mashariki hadi Chlum u Třeboně, kama km 15 hadi 20 kutegemea njia. Hapa msitu ndio wenye utawala: misonobari mirefu, mchanga mweupe chini, harufu ya utomvu juani. Kasri la Chlum liliwahi kuwa mali ya Franz Ferdinand, yule mrithi wa kiti cha Austria na Hungaria aliyeuawa Sarajevo 1914. Mbele kidogo kuna bwawa refu la Staňkov lililolala msituni hadi mpakani mwa Austria.

Siku ya tatu, nenda Jindřichův Hradec, kama km 30. Njia inapanda taratibu na mchanga unageuka kokoto ngumu. Lala hapo, na kesho yake nenda Červená Lhota, kama km 20, kisha rudi Třeboň kupitia vijiji, au shuka hadi Veselí upande treni.

Mwenye siku ya ziada na mapafu mazuri aelekee Česká Kanada: kutoka Jindřichův Hradec hadi magofu ya ngome ya Landštejn, kisha mji wa Slavonice. Ni njia ngumu kuliko zote tulizotaja. Miamba ya matale imelala msituni na nyumba ni chache.

Tairi za upana gani, na upepo kiasi gani?

Milimita 40 ndicho kiwango cha chini tunachokipendekeza, 45 ni bora. Sababu ni mchanga. Kwenye ramani njia inaonekana nyoofu na safi. Ukifika, unakuta mita 200 za mchanga mlaini ambao malori ya mbao yameuvuruga. Gurudumu la mbele linazama, usukani unakwenda kushoto wenyewe, na mgeni anafunga breki, ambalo ndilo kosa. Fanya hivi: kabla hujauingia mchanga, badili gia iwe nyepesi. Sogea nyuma kidogo kwenye kiti ili gurudumu la mbele lipungukiwe uzito. Legeza mikono, tazama mbali, na endelea kukanyaga bila kusita. Baiskeli itayumba, iache iyumbe.

Kwa mtu wa kilo 75 mwenye tairi za 45, psi 30 hadi 35 zinatosha. Watu wengi wanaolalamika kuhusu mchanga wa Třeboň wamejaza upepo kama wanaokwenda barabara kuu. Tairi zisizo na tyubu, zenye dawa ya kuziba ndani, zinasaidia sana kwa sababu unaweza kupunguza upepo bila hofu ya tyubu kubanwa na rimu. Hata hivyo beba tyubu moja, pampu na viraka.

Je, nitapotea njia? Nitaijuaje?

Ucheki ina alama nzuri za njia kuliko nchi nyingi za Ulaya. Njia za baiskeli zina vibao vya njano vyenye namba. Njia za miguu zina mistari ya rangi nyekundu, bluu, kijani au njano iliyochorwa kwenye miti, kazi ya Klabu ya Watalii ya Ucheki iliyoanzishwa 1888. Programu ya simu inayotumiwa na Wacheki wenyewe ni Mapy. Pakua ramani ya Kusini mwa Bohemia kabla ya kuondoka, kwani inafanya kazi bila intaneti, na inaonyesha aina ya njia hata kwa vichochoro vya msituni.

Naruhusiwa kupita popote msituni?

Kwa miguu, karibu popote. Kwa baiskeli, hapana: sheria ya misitu ya 1995 inakuruhusu kutumia barabara za msituni na njia zilizowekewa alama tu. Kukata kichaka ili ufupishe safari ni kosa, na katika ardhi hii ya mboji ni uharibifu usiopona haraka. Moto na sigara pia ni marufuku msituni. Misonobari na mchanga mkavu vikishika moto mwezi wa Julai hakuna anayewahi kuuzima mapema.

Maeneo ya mboji kama Červené blato yana vijia vya mbao vya kutembea kwa miguu. Funga baiskeli mwanzoni, tembea, urudi. Usijaribu kuisukuma juu ya mbao.

## Mabwawa

Je, mabwawa haya ni ya asili?

Hata moja kati ya yale makubwa si la asili. Bonde hili lilikuwa kinamasi. Katika karne ya 16 mabwana wa Třeboň, ukoo wa Rožmberk, waliona kwamba ardhi isiyofaa kwa ngano inafaa kwa samaki, na samaki walikuwa biashara kubwa katika nchi za Kikristo zilizokuwa na siku nyingi za mfungo bila nyama.

Watu wawili ndio wa kukumbukwa. Wa kwanza ni Štěpánek Netolický, aliyechimbisha mfereji unaoitwa Zlatá stoka mwanzoni mwa karne hiyo. Una urefu wa takriban km 45, unachota maji ya mto Lužnice na kuyagawa kwa mabwawa mengi, kisha unayarudisha mtoni. Hakukuwa na pampu wala injini, ulikuwa ni mteremko mdogo tu uliopimwa kwa akili kubwa, na hadi leo maji yanapita humo. Kuna vipande vya njia vinavyoambatana nao, na ukiendesha kando yake utaona maji yanakwenda mwendo wako wa polepole.

Wa pili ni Jakub Krčín, mtu mwenye nguvu na asiyependwa. Alijenga Svět kati ya 1571 na 1573, na ili lipate nafasi alibomoa kitongoji cha mji. Baadaye akajenga Rožmberk, 1584 hadi 1590, bwawa kubwa kuliko yote Ucheki: takriban hekta 490, na tuta la km 2.4. Ili mafuriko ya Lužnice yasilivunje, alichimba pia mto mpya kabisa wa zaidi ya km 13, Nová řeka, unaopeleka maji ya ziada kwenye mto Nežárka.

Hesabu zake zilipimwa Agosti 2002, mafuriko makubwa yalipoikumba Bohemia. Rožmberk lilijaa mara nyingi zaidi ya ujazo wake wa kawaida, likatapakaa mashambani, na tuta likasimama. Zaidi ya miaka 400 baada ya tuta kukamilika, miji ya chini ya mto ilipata nafuu kwa ajili yake. Ukipita juu ya tuta hilo, shuka kwenye baiskeli uliangalie.

Naweza kuogelea?

Unaweza, ila chagua maji. Mabwawa mengi ni mashamba ya samaki, yanarutubishwa, na kufikia Agosti maji hugeuka kijani kwa mwani. Baadhi ya mwani huo huwasha ngozi na kuumiza tumbo. Bwawa la Staňkov na mashimo ya zamani ya mchanga kusini mwa Třeboň kwa kawaida yana maji safi zaidi. Maji yakifanana na rangi iliyomwagika, oga hotelini.

Ni kweli kwamba wanatoa maji yote na kukusanya samaki? Naweza kuona?

Ni kweli, na mtu yeyote anaweza kutazama. Karpu hulelewa miaka mitatu hadi minne, akihamishwa kutoka bwawa hadi bwawa. Msimu wa vuli, Oktoba na Novemba, lango la bwawa hufunguliwa na maji yakatolewa taratibu kwa siku nyingi, hadi samaki wabaki kwenye kidimbwi kimoja karibu na tuta. Alfajiri wavuvi wenye suruali za mpira hadi kifuani huingia na nyavu, wanapiga maji kwa fito kuwafukuza samaki mbele, na kuzivuta nyavu kwa pamoja. Juu ya tuta kuna ukungu, moshi wa samaki wanaochomwa, na familia nzima nzima zimekuja na watoto. Karpu hupakiwa wakiwa hai, kwani Wacheki wengi huwala mkesha wa Krismasi, na wiki ya mwisho huuzwa mitaani kutoka kwenye mapipa ya maji.

Fika mapema, kabla jua halijachomoza vizuri. Tarehe hutangazwa kila mwaka na hutofautiana kwa kila bwawa.

## Makasri

Nina muda wa kasri moja tu. Lipi?

Červená Lhota. Ni dogo, jekundu lote, limesimama juu ya mwamba katikati ya bwawa na linafikiwa kwa daraja la mawe. Kuna njia ya kuzunguka bwawa, na kutoka upande wa pili unaona kasri na kivuli chake majini. Mtunzi wa muziki Carl Ditters von Dittersdorf, aliyekuwa mashuhuri Vienna wakati wa Mozart, alimalizia maisha yake karibu na hapa kwa hisani ya bwana wa kasri, akafariki 1799.

Wengi watakuambia Hluboká. Ni zuri, lakini Červená Lhota inafikiwa vizuri zaidi kwa baiskeli: unatoka msituni, unakata kona, na liko mbele yako.

Hluboká je, ina thamani ya kilima cha Lišov?

Ina thamani, hasa ukiipitia ukielekea České Budějovice, ambako njia ya lami kando ya mto Vltava ni tambarare kabisa. Kasri la sasa ni jeupe, lenye minara kumi na mmoja. Lilijengwa upya kati ya 1840 na 1871 na ukoo wa Schwarzenberg, ambao walivutiwa na Windsor ya Uingereza.

Tazama vishikio vya mlango. Kunguru wa shaba anadonoa jicho la kichwa cha Mturuki. Ni alama ya ukoo, waliyopewa baada ya kuitwaa ngome ya Győr kutoka kwa Waosmani mwaka 1598. Kwa msomaji wa pwani yetu ni picha nzito kuikuta mlangoni, na ni vyema ujue imetoka wapi kabla hujaishika.

Na Jindřichův Hradec?

Ni ngome na kasri kwa pamoja, mojawapo ya majengo makubwa ya aina hii nchini, juu ya maji ya bwawa la Vajgar. Bwana wake wa zamani, Vilém Slavata, ni mmoja wa maafisa waliotupwa dirishani Praha mwaka 1618, tukio lililowasha Vita vya Miaka Thelathini. Alinusurika, na alizikwa katika mji huu. Longitudo ya 15 mashariki inapita mjini na imewekewa alama. Hiyo ndiyo longitudo inayoweka saa za Ulaya ya Kati, na unaweza kusimama na baiskeli yako gurudumu moja kila upande.

Nitaruhusiwa kuingia na nguo za baiskeli? Na baiskeli naiacha wapi?

Nguo si tatizo, matope ndiyo tatizo. Futa viatu. Makasri mengi hutembelewa pamoja na mwongozaji kwa saa maalum, kwa hiyo kata tiketi kwanza, kisha kula. Mengi hufungwa Jumatatu, na kuanzia Novemba hadi Machi mengi hayafunguki kabisa au hufunguka wikendi tu. Baiskeli hubaki nje: njoo na kufuli nzito, ifunge kwenye kitu kisichong'oka, na vua kompyuta na mifuko midogo. Kama mko wawili, ingieni kwa zamu.

Karibu na Slavonice nimeona vibanda vya zege msituni. Ni nini?

Ni ngome ndogo za kijeshi zilizojengwa miaka ya 1930 dhidi ya Ujerumani ya Hitler. Hazikupigana, kwa sababu makubaliano ya Munich ya 1938 yaliwanyang'anya Wachekoslovakia eneo la mpakani. Baada ya vita, ukanda huohuo ukawa mpaka uliofungwa kwa nyaya hadi 1989, na wakazi wa kawaida hawakuukaribia. Baadhi ya barabara laini unazozifurahia leo huko zilikuwa za magari ya doria. Njia ndefu ya EuroVelo 13 inaufuata mpaka huo.

## Chakula, malazi na afya

Sili nguruwe. Nitakula nini?

Samaki. Karpu wa Třeboň ana jina linalolindwa na Umoja wa Ulaya, na mjini utampata amechomwa, amekaangwa kwa unga wa mkate, au amekatwa vipande vyembamba vya kukaanga vinavyoliwa kama chipsi. Uliza kitu kimoja: amekaangwa kwa mafuta gani? Baadhi ya majiko ya kizamani hutumia mafuta ya nguruwe, yanayoitwa *sádlo*. Ukisema neno hilo huku ukitikisa kichwa utaeleweka. Jibini ya kukaanga, *smažený sýr*, ipo karibu kila baa, lakini swali la mafuta ni lilelile. Nyama halali vijijini usiitegemee.

Kuna baa kila kijiji. Nikinywa bia moja na kuendelea?

Ucheki ni nchi ya bia, na kiwanda cha Třeboň kinajihesabia mwanzo wake 1379. Lakini sheria ya pombe kwa mwendesha baiskeli ni kali, na polisi wakikupima watakutoza faini. Bia isiyo na kilevi inauzwa kila mahali na ni nzuri kwelikweli. Ile nyingine iache hadi baiskeli imefungwa kwa usiku.

Naweza kulala kwenye hema popote?

Hapana. Ndani ya hifadhi kupiga hema na kuwasha moto kunaruhusiwa mahali palipotengwa tu. Kambi rasmi ziko nyingi kando ya mabwawa, na hazijazi sana nje ya Julai na Agosti.

Kupe ni hatari kweli, au watu wanatia chumvi?

Ni hatari kweli, na ni swali muhimu kuliko yote katika ukurasa huu. Kupe wa hapa hueneza magonjwa mawili. La kwanza ni homa ya ubongo inayoletwa na virusi, na Ucheki ni miongoni mwa nchi za Ulaya zenye wagonjwa wengi. Ina chanjo, dozi tatu, na mbili za kwanza huachana mwezi mmoja hadi mitatu. Zungumza na daktari mapema. La pili ni ugonjwa wa Lyme, unaotibiwa kwa antibiotiki ukiwahiwa.

Kila jioni jikague: nyuma ya magoti, kinena, kwapa, nyuma ya masikio. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi umvute polepole bila kumponda. Usimpake mafuta wala kumchoma. Likijitokeza duara jekundu linalopanuka siku au wiki baadaye, nenda hospitali hata kama umesharudi nyumbani, na umwambie daktari ulikuwa wapi, kwani daktari wa Mombasa au Arusha hana sababu ya kulifikiria asipoambiwa.

Naweza kwenda na watoto?

Mzunguko wa Svět ni mzuri sana kwao. Helmeti ni lazima kisheria kwa kila aliye chini ya miaka 18. Mchanga wa Chlum utawakatisha tamaa wadogo, waepushe nao.

## Hali zisizo za kawaida

Mvua ikinyesha mfululizo?

Mchanga hunywa maji haraka, na mvua ndogo hata huugandamiza ukawa bora. Matuta ya udongo na njia za mashambani ndizo hugeuka utelezi. Siku hiyo kaa ndani ya misitu ya misonobari, na mwisho wa siku safisha cheni na uitie mafuta. Mchanga uliolowa husaga cheni na gia upesi.

Nikiharibikiwa mbali na mji?

Beba kiungo cha cheni, kifaa cha kukatia cheni na kiango cha derela (kifaa kinachohamisha cheni kati ya gia) kinachofaa fremu yako, kwa sababu hicho cha mwisho huwezi kukipata kijijini. Mafundi wako Třeboň, Jindřichův Hradec na České Budějovice. Kituo cha treni mara nyingi hakiko mbali sana, tazama swali la treni. Kwa dharura piga 112. Gari la wagonjwa moja kwa moja ni 155.

Mimi ni Mwafrika nitakayesafiri peke yangu. Nitapokelewaje vijijini?

Watu wa huku ni wakimya, na mgeni huangaliwa, hasa mahali ambapo wageni weusi ni nadra. Ukimya huo usiusome kama chuki. Salamu ndiyo ufunguo, kama kwetu: ingia baani na useme *Dobrý den* kwa sauti kabla hujakaa, na unapoondoka useme *Na shledanou*. Asiyesalimia ndiye anayeonekana mkosa adabu. Wenye baiskeli husalimiana njiani. Ukikutana na mlevi mkorofi, jambo linaloweza kutokea popote, ondoka bila kubishana. Namba ya polisi ni 158.

Nimezoea changarawe za Kenya. Sitachoka na utambarare huu?

Aliyewahi kushiriki Migration Gravel Race kule Maasai Mara, mbio zilizoanza 2021, hatapata hapa ugumu wa namna ile. Hakuna jua la savana, hakuna mawe ya kuchana tairi, hakuna km 100 bila duka. Kama unatafuta ugumu, nenda Česká Kanada ukapande siku nzima. Lakini kama umechoka kuitazama kompyuta ya usukani, bonde la Třeboň ndilo mahali pa kuizima, kwa sababu njia zake zilipimwa kufuata maji.

Na majira ya baridi?

Wenyeji huendesha hata Januari, ardhi ikiwa imeganda ngumu. Mabwawa yakishika barafu watu huteleza juu yake, lakini usiweke baiskeli wala mguu hapo kwa kuwaiga: unene wa barafu hutofautiana, na karibu na lango la maji huwa nyembamba. Giza huingia kabla ya saa kumi na moja jioni, makasri mengi yamefungwa, na kambi zote pia. Kama ni safari yako ya kwanza, rudi kwenye jibu la mwezi gani.